Mkalishe Kwanza

Siku mliyoniaga mlinipa vitenge viwili, sufuria kubwa yenye mfuniko wa kioo, na hotuba ndefu iliyosema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kukosea. Vitenge nimeshashona. Sufuria inapika maharage hapa kwangu Soweto, Mbeya, karibu kila siku. Hotuba ndiyo iliyonikosesha raha. Aliyeiandika ni kijana mzuri na mwandiko wake unasomeka, jambo adimu katika kazi yetu, lakini miaka ninayotaka kuisimulia hakuwapo. Kwa hiyo naandika. Mkifika mwisho mtajua kwa nini kila mgonjwa wa jino aliyevimba nilimpapasa chini ya taya hata kabla sijamkaribisha kitini, tabia ambayo baadhi yenu mlikuwa mkiiigiza nikitoka nje. Nilikuwa nawaona kupitia kioo cha mlango.

Habari za vyeo na nani alipandishwa lini sitazigusa. Hizo mtazisikia misibani, watu wakingoja chakula.

Nilianza Iringa, tabibu wa meno mpya, mwembamba kiasi kwamba koti la hospitali lilinivaa badala ya mimi kulivaa. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka upande wa Kilolo, amevaa koti zito na kofia ya sufu.

"Kamwene," alinisalimia, macho yakitafuta mtu nyuma yangu.

"Kamwene, baba. Karibu kitini."

"Kukaa nitakaa, binti. Mwenye koleo yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akanitazama mikono. "Basi ngoja nikamwite mwanangu aje kunishika, maana naona utaning'inia tu hapa."

Gego lake lilitoka kabla mwanawe hajafika. Mzee alilifunga kwenye leso, akatoka, akawatangazia waliokaa kwenye benchi kwamba binti aliyemo ndani ana mkono wa kushika jembe. Kuanzia siku hiyo nilijiona fundi. Nilivimba kichwa, na kichwa kikivimba hakuna dawa ya kukitibu isipokuwa aibu.

Aliyenisoma mapema alikuwa Mama Sanga, muuguzi wa chumba chetu, mama wa Makete aliyezeeka ndani ya gauni jeupe. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuchemsha vifaa na kuita majina. Kazi yake ya kweli ilikuwa kutuzuia tusiue watu.

"Koleo wamekufundisha chuoni," aliniambia. "Sasa njoo nikufundishe shingo."

Alinifundisha kwa kumshika mgonjwa. Mgonjwa afungue mdomo, je, vidole vyake vitatu vinaingia? Atoe ulimi nje. Ataje jina lake na la baba yake, nawe usisikilize jina, usikilize sauti, kama inatoka safi au kama ya mtu aliyejaza ugali wa moto mdomoni. Ameze mate ukimwangalia. Kisha umguse chini ya kidevu. Pakiwa laini, mna muda. Pakiwa pagumu kama ubao, weka koleo chini na utafute msaada mkubwa, kwa sababu hapo hupo tena kwenye habari ya jino. Na yule anayekataa kulala, anayekaa ameinama mbele na mikono magotini, usibishane naye. "Anajua hewa yake inapopita," alisema Mama Sanga. "Wewe hujui."

Niliyaandika yote kwenye daftari. Nilidhani nikishaandika ndiyo nimejua.

Kwa wale ambao mmesoma haraka ili mfaulu mtihani, niwarudishie kidogo. Mizizi ya magego ya chini, hasa ya mwisho, inashuka sana ndani ya mfupa wa taya. Jino likioza hadi kwenye mzizi, usaha hutafuta pa kutokea. Ukitokea upande wa shavu, mtu anavimba uso na kila mtu anamwonea huruma. Ukitokea upande wa ndani, unaingia chini ya ulimi na chini ya taya, na kutoka hapo kuna nafasi kati ya misuli zinazoteremka shingoni mpaka kifuani. Wakulima wa mpunga wa Madibira wataelewa kuliko nyinyi: ukifungua lango la mfereji juu, maji hayaulizi hili jaruba la nani. Ulimi unasukumwa juu na nyuma, koo linabanwa, na mtu aliyekuja kwa sababu ya jino anakufa kwa kukosa hewa huku moyo wake ukiwa mzima kabisa.

Baada ya miaka mingi ya Iringa nilipelekwa Usangu, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu wala si la kituo. Huko nilikuta kanuni ambayo wagonjwa, wauguzi na hata sisi wenye makoti tuliiamini kama amri: jino lililovimba haling'olewi. Mtu anakuja amevimba, unampa vidonge, unamwambia arudi uvimbe ukiisha. Anaenda nyumbani, anakandwa kwa pumba za mpunga zilizopashwa moto kwenye kitambaa. Ukiwa msimu wa mavuno, harudi mpaka mpunga uwe umeingia ghalani. Wengi walipona, ndiyo maana kanuni iliishi. Wasiopona hawakuja kulalamika.

Shija alikuja wakati wa mavuno. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mrefu, mwenye aibu, mtoto wa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na sasa alikuwa na majaruba Madibira pia. Mkewe alikuja naye, mtoto wa kike mgongoni. Shavu la kulia lilikuwa limejaa, gego la chini limebaki ganda. Nikampa vidonge, nikamwambia maneno niliyokuwa nimewaambia watu wengi: rudi uvimbe ukipungua.

Siku ya nne walirudi, safari hii na baba yake.

"Mwangaluka, daktari," Mzee Masanja alisalimia kwa furaha. "Dawa yako ni kiboko. Ona, shavu limenywea."

Kweli lilikuwa limenywea. Nikafurahi pamoja naye. Shija alikuwa amejizungushia mtandio wa mkewe shingoni, kwa sababu walikuwa wakimkanda, nami sikuona sababu ya kuufungua. Nikamwambia akae kwenye benchi, kuna watu sita mbele yake, nikifika zamu yake namng'oa. Alikaa ameinama mbele, mikono magotini, akitemea mate kwenye kopo. Nilimwona. Nilipita mbele yake mara mbili nikichukua vifaa, nikadhani anatema ugoro. Daftari la Mama Sanga lilikuwa kwenye droo yangu.

Zamu yake ilipofika mdomo haukufunguka hata kidole kimoja. Nilimwuliza jina, ikatoka ile sauti ya ugali wa moto. Nikafungua mtandio. Shingo ilikuwa pana kuanzia sikio hadi sikio, inang'aa, na nilipoigusa ilikuwa ubao. Shavu lilikuwa limenywea kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshuka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na ndilo lililomaliza. Niliita gari la kumpeleka hospitali kubwa. Likaja na machela, na machela yalikuwa na mazoea yake: mgonjwa mahututi analazwa. Tukamlaza Shija chali. Akanyanyuka. Tukamlaza tena. Akapigana nasi kwa nguvu ambayo sikujua anayo, macho yamemtoka, ananiangalia mimi. Nikadhani amechanganyikiwa kwa homa.

"Mzee, mshike mabega," nilimwambia baba yake. "Mtulize, asijidhuru."

Mzee Masanja akamshika mwanawe mabega, akamkandamiza kwenye machela kama nilivyomwagiza, akimbembeleza kwa Kisukuma. Baada ya muda mfupi Shija akatulia. Nilishukuru ametulia. Hatukuwa hata tumefika lami.

Mzee Masanja alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Umehangaika naye, daktari. Mungu ndiye ameamua." Nikaitikia. Niliitikia, na hilo ndilo lililonitesa kuliko yote.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Iringa kwa Mama Sanga. Nilimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Nikamweleza kila kitu, nikilia, naye hakuacha kupukuchua.

"Baba yake umemwambia?"

"Nimwambie nini, mama? Mtoto ameshafariki. Nitamwongezea machungu tu."

"Machungu yake yapo tayari. Unayoyakwepa ni ya kwako." Akachukua hindi lingine. "Huyo marehemu ameacha mtoto?"

"Ameacha mmoja. Yuko mgongoni bado."

"Basi naye ataota meno," alisema Mama Sanga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Madibira. Mzee Masanja alinipokea vizuri, akaniwekea kigoda karibu na zizi. Nikamwambia yote mawili bila kupamba: kwamba shavu kunywea hakukuwa kupona na nilipaswa kugusa shingo siku ileile, na kwamba mtu mwenye shingo ya namna ile akilazwa chali, ulimi na uvimbe vinamziba hewa. Shija alikuwa akitafuta kukaa ili apumue.

Ng'ombe walikuwa wanarudi kunywa maji.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemshika," alisema.

"Ulimshika kwa sababu mimi nilikuagiza, mzee. Ni kosa langu."

Akainuka, akaenda kwa ng'ombe. Mke wa Shija aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikayashika tu mkononi. Nilifikiri mzee hatarudi. Alirudi, akasimama mbele yangu, akauliza jambo moja. "Mtu wa hivyo anatakiwa akaeje?"

Nikamwonyesha pale chini. Akae wima, ainamie mbele kidogo, mtu awe nyuma au ubavuni kumwegemeza, mdomo uelekee chini ili mate yatoke yenyewe, asipewe chakula, asifungwe kitu shingoni, na safari ianze mara moja. Mzee alinifanya nirudie. Kisha akamwita mke wa marehemu, nikarudia tena mbele yake. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuomba aseme. Nilipoaga, alibaki amekaa. Nyinyi mnajua mgeni huondokaje kwenye mji wa watu huku kwetu: mwenyeji anainuka, anakusindikiza hata hatua chache, mpaka njia panda. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani, na nilistahili.

Baadaye nikahamia Mbeya, ambako mlinikuta. Kanuni ya kusubiri uvimbe uishe niliiacha Usangu. Kwangu jino lenye usaha lilitoka, na usaha ulitolewa siku hiyohiyo, mgonjwa aliyehitaji ganzi kubwa akipelekwa chumba cha upasuaji. Nilipata maadui kwa hilo. Daktari mmoja kijana aliniuliza utaratibu huo nimeutoa kitabu gani. Nilimwambia nimeutoa Madibira, akaenda kutafuta maktaba.

Nawakumbusha machache ambayo vitabu vinayapitia mbio. Mrija wa kutolea usaha ukikosekana, kata kidole cha glovu safi, kinafanya kazi vizuri na hakijawahi kulalamika. Usitegemee kuona usaha mwingi. Shingo ngumu kabisa mara nyingi hutoa maji machafu yenye harufu kali tu, na kuifungua ndiko kunakoponya. Mpime kila mtu sukari, nimegundua wagonjwa wengi wa kisukari kupitia meno kuliko kupitia mikojo. Mtoto mdogo mwenye homa, anayekataa kumeza na shingo imekakamaa, waulize wazazi taratibu kama amekatwa kimeo. Waulize bila ukali, maana ukifoka watakwambia hapana, na jeraha litabaki nyuma ya koo likifanya kazi yake. Na mashine ya kufyonza mate ijaribiwe kila asubuhi. Ile ya kukanyaga kwa mguu mnayoicheka msiitupe. Umeme ukikatika mtaniombea heri.

Sasa nifike kwenye wiki yangu ya mwisho kazini. Asubuhi, nikiwa napanga droo, nilisikia makelele upande wa mapokezi. Mhudumu alikuwa anabishana na mtu.

"Mzee, mlaze hapa! Mgonjwa mahututi halali mikononi mwa watu, utaratibu ni machela!"

"Huyu halali."

"Mzee, unatuchelewesha!"

"Nimesema halali! Niitieni askari kama mnataka, lakini halali!"

Nilitoka. Nyuma ya pikapu, kati ya magunia ya mpunga, alikuwa amekaa mzee mmoja mkavu, mgongo umeegemea gunia. Mbele yake alikaa binti wa shule, ameinama, kifua kimeegemea mkono wa mzee, mdomo umeelekezwa kwenye beseni. Walikuwa wametoka Madibira, wakapita Rujewa, wakafika Mbeya wakiwa hivyohivyo. Mkono wa mzee ulikuwa umekufa ganzi kiasi kwamba ilibidi tumkunjue vidole kimoja kimoja.

Alinitambua kabla sijamtambua. "Mwangaluka, Tabibu," alisema. "Nimemkalisha."

Nilimshika binti chini ya kidevu. Ubao. Kisha nikaita kiti cha magurudumu, machela yakarudishwa ndani, na yule mhudumu nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba huyu mzee ndiye daktari wa zamu kwa sasa. Daktari wa koo aliteremka mbio. Alimtoboa binti njia ya hewa shingoni akiwa amekaa, kwa ganzi ya sindano, mimi nikiwa nimemshika mkono na kumhesabia pumzi. Hewa ilipoanza kupita kwenye ule mrija, mlio wake ulikuwa mzuri kuliko nyimbo zote nilizoimba kwaya. Baada ya hapo akalazwa, akafunguliwa shingo pande zote mbili, gego likatolewa, akaanza dawa za kuchomwa mishipani.

Mzee alinisimulia akiwa kwenye benchi. Kwenye duka la dawa walikuwa wameambiwa wasubiri uvimbe uishe. Siku ya tatu shavu likanywea, na bibi wa binti akaanza kushangilia. "Mimi nikasema subirini," alisema Mzee Masanja. "Nikamwekea mkono hapa." Akajigusa chini ya kidevu chake chenye mvi. "Nikawaambia, pakieni gari. Mpunga ushushwe au usishushwe, mimi naondoka na huyu."

"Ndiye yule aliyekuwa mgongoni?"

"Ndiye. Kabula."

Siku mliyoniaga, daktari alikuwa ameshamtoa ule mrija. Kabla ya sherehe yenu nilipita wodini, nikamwambia ataje jina lake na la baba yake. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini ilitoka safi. "Kabula Shija," alisema. Nilitoka nje haraka nikajifanya natafuta miwani.

Wakati hotuba inasomwa, Mzee Masanja alikuwa amesimama nje ya dirisha. Hamkumwona. Mlipomaliza kupiga picha alinikuta kwenye korido nimebeba maboksi, akaichukua sufuria bila kuniuliza.

"Wanasema hujawahi kukosea," alisema.

"Nimewasikia, mzee."

"Na wewe hukuwaambia."

"Nitawaandikia."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Siku ile uliondoka kwangu peke yako," alisema. "Twende."

Tulitembea polepole, yeye na fimbo mkono mmoja na sufuria yenu mkono mwingine, tukapita maabara, tukapita wauza ndizi, mpaka getini. Pale akanikabidhi sufuria, akanishika mkono, akageuka kurudi wodini kwa mjukuu wake. Nilikuwa nimesindikizwa.